Pointi za ndege kwa mtu wa Mwanza anayeishi ughaibuni

Ushauri mwingi kuhusu pointi za ndege, zile ambazo shirika hukupa kwa kusafiri nalo ili baadaye uzitumie kupata tiketi, unamlenga mtu anayesafiri kikazi kila wiki. Mtu wa Mwanza anayeishi Minneapolis, Birmingham au Doha si huyo. Huyu huenda nyumbani mara moja kwa mwaka akijaliwa, na wengi wetu ni baada ya miaka miwili au mitatu, tukiwa na watoto na mabegi yaliyofungwa kwa kukaliwa. Kwa msafiri wa namna hii, swali la kwanza si nani anatoa pointi nyingi. Swali ni kama pointi hizo zitakuwa hai siku atakayozihitaji.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza. Mtu anapanda Ethiopian kwenda Dar, anajiunga na ShebaMiles, programu yake ya pointi, anafurahi kuona maelfu ya pointi, kisha miaka mitatu inapita na pointi zinafutwa. Skywards ya Emirates na Miles&Smiles ya Turkish nazo zina ukomo wa miaka mitatu. Kwa anayerudi mara chache, pointi za safari moja hufa kabla safari ya pili haijazitosheleza kufika kiasi cha tiketi.

Dawa yake ipo na ni halali kabisa. Mashirika mengi ya ndege yamo katika miungano mitatu: Star Alliance iliyoundwa 1997, oneworld ya 1999 na SkyTeam ya 2000. Ukipanda ndege ya mwanachama mmoja, unaweza kuomba pointi ziingie kwenye akaunti ya mwanachama mwingine. Ethiopian imo Star Alliance tangu 2011, Turkish tangu 2008, na United ya Marekani imo tangu mwanzo. Pointi za MileagePlus, ambayo ni programu ya United, hazina tarehe ya mwisho. Kwa hiyo unaweza kupanda Ethiopian kupitia Addis Ababa kila unaporudi, usipande United hata mara moja, na pointi zako zikawa zinajikusanya kwenye akaunti isiyofutwa. Si lazima uishi Marekani ili uifungue. Wanaopanda Kenya Airways au KLM, zilizo SkyTeam, wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa SkyMiles ya Delta, ambayo nayo haina ukomo.

Qatar iko oneworld, na pointi zake ni Avios. Hizi hufa akaunti ikikaa miezi 36 bila lolote kuingia au kutoka, lakini tukio dogo tu linaanzisha hesabu upya. Uzuri mwingine ni kwamba Avios zinahamishika kati ya Qatar, British Airways, Iberia na Finnair, basi zilizotawanyika huku na huku unaweza kuziweka chungu kimoja. Emirates haimo kwenye muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Kama huipandi mara kwa mara, usitegemee Skywards kuwa akiba yako ya muda mrefu.

Kabla ya kununua, angalia herufi ya daraja la nauli, yaani herufi moja inayoonyesha aina ya nauli unayonunua. Tiketi mbili za viti vya kawaida, ndege ileile na siku ileile, zinaweza kutofautiana kabisa: moja inakupa pointi kamili ya umbali, nyingine robo, nyingine sifuri. Kila programu ina jedwali la herufi hizo kwa kila shirika mshirika. Ukikata kwa wakala, muulize herufi kabla hujalipa, kwa sababu nauli za bei ya jumla wanazouza baadhi ya mawakala ndizo mara nyingi haziingizi kitu.

Jambo la majina linawasumbua watu wetu kuliko wengine. Pasipoti ya Tanzania mara nyingi ina majina matatu, na akaunti nyingi zinafunguliwa kwa mawili. Jina la akaunti na la tiketi yasipolingana, pointi haziingii zenyewe. Fungua akaunti kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na utunze kipande cha kadi ya kupandia ndege mpaka uone pointi zimeingia. Zisipoonekana, unaweza kuzidai, na programu nyingi hutoa muda wa miezi 6.

Sasa nije kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko yote. Pointi zako usizimalize kwa likizo. Weka kiasi cha tiketi ya kwenda tu, na usikiguse.

Sababu ni msiba, au simu kwamba mzazi amelazwa Bugando na hali si nzuri. Hapo ndipo nauli ya fedha inapokuwa katili: unanunua leo ili uondoke kesho, na hujui utarudi lini. Tiketi ya kwenda tu katika safari ndefu za kimataifa mara nyingi inakaribia bei ya kwenda na kurudi, na wakati mwingine inaizidi. Kwa pointi mambo ni tofauti. Programu nyingi zinahesabu kwenda tu kuwa nusu ya kwenda na kurudi, na baadhi ya mashirika hufungua siku za mwisho viti ambavyo hayakuviuza. Unaondoka kwa pointi, unazika, unakaa na ndugu mpaka mambo yatulie, kisha unatafuta ya kurudi ukiwa na akili iliyotulia. Tunajua michango ya msiba ughaibuni inavyokusanywa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenye akiba hii hangoji mchango ukamilike ndipo aondoke. Na programu nyingi zinaruhusu kumkatia mtu mwingine tiketi kwa pointi zako, hivyo anayetakiwa kuondoka anaweza kuwa mdogo wako aliyeko mji mwingine.

Kwa safari za furaha, harusi au Krismasi, fanya hesabu kwanza. Chukua nauli ya fedha, toa kodi na ada utakazolipa ukitumia pointi, kisha gawa kwa idadi ya pointi. Tuseme nauli ni dola 1,400, na kwa pointi ni 45,000 pamoja na dola 100 za kodi. Kinachobaki ni dola 1,300, sawa na karibu senti 2.9 kwa kila pointi. Hiyo ni thamani nzuri, tumia. Ikikujia chini ya senti 1, lipa fedha na ubaki na pointi zako. Kuzibadilisha kwa vyombo vya nyumbani au vocha za dukani karibu siku zote ni hasara.

Hiyo ada nayo itazame. Baadhi ya programu huongeza gharama ya mafuta juu ya tiketi ya pointi, ikafikia mamia ya dola. MileagePlus haiongezi gharama hiyo kwenye ndege za washirika. Walioko Uingereza wanalipa pia kodi ya abiria kila wanapoondoka huko, hata kwa tiketi ya pointi, ila watoto walio chini ya miaka 16 wakikaa viti vya kawaida wamesamehewa tangu 2016. Familia yenye watoto watatu inaiona tofauti hiyo.

Viti vya pointi kwenda Dar mwezi Desemba huisha mapema. Mashirika mengi huvifungua karibu miezi 11 kabla, kwa hiyo anayetaka Krismasi aanze kutafuta Januari au Februari. Akikosa, asidhani safari imekufa, kwa sababu sisi wa kandokando ya ziwa tuna milango mingi. Tafuta pia Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali. Mtu wa Musoma au Tarime anaweza kushukia Nairobi na kuingia kwa basi kupitia Sirari. Wa Bukoba yuko karibu zaidi na Entebbe kuliko na Dar: anapita Masaka, anavuka Mutukula, amefika kwao. Kutoka Kigali njia ni Rusumo, Biharamulo na Geita, na tangu Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko cha Kigongo, maana Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, linakufikisha upande wa Mwanza kwa dakika chache. Ni safari ndefu ya barabara, na kwa mwenye watoto wadogo siipendekezi. Kwa mtu mzima mmoja inaokoa pesa nyingi.

Ukipita Kenya au Uganda, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu mpakani utaulizwa. Mwenye pasipoti ya kigeni akumbuke kwamba viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda haihusu Tanzania.

Ukishukia Dar, kipande cha mwisho hadi Mwanza kwa Air Tanzania au Precision Air kina mtego wa mizigo. Ndege kubwa imekuruhusu mabegi mawili ya kilo 23, ya ndani kwa kawaida ni kilo 23 tu, na zinazozidi unalipia papo hapo. Kama inawezekana, kata safari nzima mpaka Mwanza kwenye tiketi moja, ili mzigo ufuate kanuni moja na ndege ya kwanza ikichelewa wawajibike kukupeleka. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ndege ya ndani haina deni nawe ukikosa kuiwahi. Ndege za kimataifa hutumia jengo la tatu la abiria na za ndani jengo la pili, na katikati kuna uhamiaji, forodha na foleni ya mabegi. Acha saa nyingi, au lala Dar.

Hapo Dar ndipo pointi za hoteli zinapopata kazi. Mwanza hoteli tunazozipenda, Malaika, Tilapia pale Capripoint, Gold Crest katikati ya mji, hazimo kwenye programu kubwa za dunia, kwa hiyo piga simu moja kwa moja na uulize bei ya mkazi au ya kukaa siku nyingi. Dar kuna Hyatt Regency, iliyo kwenye programu ya World of Hyatt, na Four Points, iliyo kwenye Marriott Bonvoy, na kwa anayepita Uganda, Protea ya Entebbe iko ufukweni kabisa na ni ya Marriott. Pointi za Marriott, Hilton na Hyatt hufa baada ya miezi 24 ya ukimya. Ukikata chumba kupitia tovuti za watu wa kati, kwa kawaida hupati pointi.

Kuhusu kadi za mkopo nitasema machache. Marekani zinatoa pointi nyingi, Ulaya ni kidogo kwa sababu tangu 2015 sheria imebana ada ambayo benki zinapata kwa kila malipo. Kama huwezi kulipa deni lote kila mwezi, achana nazo, riba itakula zaidi ya tiketi. Na pointi za benki usizihamishie kwenye shirika la ndege kabla hujakiona kiti kwa macho yako, kwa kuwa zikishahamishwa hazirudi.

Mwisho, wazee. Mama akija kukutembelea, mfungulie akaunti kwa jina lake kabla tiketi haijakatwa, tumia barua pepe yako, na uandike namba ya uanachama kwenye tiketi. Vivyo hivyo kwa ndugu walioko Ghuba ambao tiketi zao zinalipwa na mwajiri: pointi ni za anayesafiri, si za anayelipa. Emirates na British Airways zina utaratibu wa familia kuunganisha pointi zao, mkijiunga mnafikia tiketi moja mapema zaidi. Lakini usiuze pointi kwa mtu yeyote, hata akikuahidi dola nzuri, kwa sababu programu zinakataza na akaunti ikifungwa zote zinapotea, pamoja na zile ulizoweka kwa ajili ya siku ya dharura.