Jinsi ya kuifungua 720720 bila kalkuleta

Jana jioni hapa Lamu mpwa wangu kaja barazani na daftari, kapewa namba 720720 aseme ina vigawo vingapi, yaani namba ngapi zinaigawa bila kubaki kitu, na simu haina chaji. Akaanza kujaribu 2, 3, 4, 5... nikamwambia weka kalamu chini kwanza, hiyo namba itazame tu. Manake hii namba naipenda kweli, na njia yake ndio hii.

Usiisome laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini. Isome 720 halafu 720 tena. Yaani ni 720 mara 1000 ukaongeza 720 moja juu, kwa hivyo ni 720 mara 1001. Na hiyo 1001 ndio ufunguo, ishike kichwani: 7 mara 11 ni 77, 77 mara 13 ni 1001. Ndio maana namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, 358358, 914914, yoyote ile, lazima igawike kwa 7, kwa 11 na kwa 13, na hizo ndizo zinazowatesa watoto sana.

720 iliyobaki haina kazi, ni 8 mara 9 mara 10, ivunje mpaka zibaki namba tasa tupu, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2 nne, 3 mbili, 5 moja. Rudisha na zile 7, 11, 13.

Sasa kuhesabu vigawo, usiviandike kimoja kimoja utakesha. Kila kigawo unakiunda kwa kuchagua. Zile 2 waweza usichukue hata moja, au uchukue moja, mbili, tatu, au zote nne, hapo una njia 5. Za 3 una njia 3. Halafu 5, 7, 11 na 13 kila moja ni uchukue au uache, njia 2. Zidisha: 5×3×2×2×2×2 ni 240! Na hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi kiasi hicho. Namba kama hizi, zinazozipita zote zilizo chini yake kwa wingi wa vigawo, mwanahisabati Ramanujan wa India aliandika kuzihusu mwaka 1915.

Mpwa wangu akauliza faida yake nini, nikamwambia tuseme ni shilingi za samaki na mabaharia wanagawana sawasawa, wakiwa 7 kila mtu 102960, wakiwa 11 ni 65520, wakiwa 13 ni 55440, wala haibaki hata shilingi. Kuanzia mtu 1 mpaka watu 16 inakubali, na ndio namba ndogo kabisa inayoweza hivyo. Wakifika 17 ndio zinabaki shilingi 5.

Ukitaka kujipima chukua nusu yake, 360360. Hiyo yakubali 1 mpaka 15, ila 16 yakataa, kwa sababu ile 2 ya nne umeshaitoa.