Mwacheni bibi atembee

Sisi watu wa Tanga tukimpenda mzee tunamkalisha. Akinyanyuka kuchota maji tu, wajukuu wanamkimbilia: "Bibi, kaa!" Mwacheni achote.

Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo. Mgawanye mnavyoweza. Mama mkwe wangu natoka naye baada ya sala ya alfajiri, jua halijakolea, hadi soko la Mgandini. Kipimo ni mdomo: aweze kuongea, ila kuimba kumshinde. Akisimulia habari za mtaa mzima bila kutweta, namwongezea kasi. Njiani namtajisha bei za jana za dagaa na nazi, ili kichwa nacho kifanye kazi. (Za muhogo huwa anatia chumvi.)

Kandambili marufuku, avae viatu vilivyoshika kisigino. Siku mbili tatu kwa wiki, asimame na kukaa kitini, kiti kimeegemezwa ukutani. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, basi aanze kwa kushika meza.

Katika utafiti wa Marekani wa 2011, wazee waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kama asilimia 2. Si kinga kamili ya usahaulifu wa uzeeni, lakini hatari inapungua.

Mwenye presha au kisukari aongee na daktari kwanza. Kifua kikibana, simameni hapo hapo, mtafute bajaji ya hospitali.