Shahada ya TEHAMA Arusha: ipime kabla ya kulipa ada

Chukua daftari, tafuta matangazo 20 ya kazi za TEHAMA. Kwa kila tangazo andika mambo mawili: wanataka cheti gani, na wanataka uwe umeshafanya nini. Matangazo yatajigawa yenyewe. Serikalini, ombi la Afisa TEHAMA lisilo na shahada haliendi mbali, hata uwe fundi hodari. Kampuni ya utalii inayotaka tovuti ya kupokea wageni wa Kilimanjaro itaanza kwa kuuliza kazi zako.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne tunapendekeza diploma kwanza, ambayo ni miaka mitatu. Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo cha Uhasibu, Njiro, viko karibu. Linda GPA yako (wastani wa alama): mwenye diploma huhitaji angalau 3.0 ili apokelewe shahada, na wengi huliwazia hilo mwaka wa mwisho, wakati maksi za mwanzo hazirekebishiki tena. Hakikisha kozi yenyewe ina ithibati, maana usajili wa chuo peke yake hautoshi. Diploma iangalie NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na shahada TCU, tume ya vyuo vikuu.

Je, darasani kuna faida gani zaidi ya karatasi? Chukua waya wa mtandao, wenye nyuzi nane za rangi zilizosokotwa jozi kwa jozi. Fundi asiyejua sababu ya mpangilio hupanga rangi jozi kwa jozi: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, bluu-nyeupe, bluu, kahawia-nyeupe, kahawia. Akifanya hivyo ncha zote mbili, kipimo cha bei nafuu kitawasha taa zote nane, kwa sababu kinapima tu kama umeme unapita. Lakini pini ya 3 na ya 6 za plagi zinapaswa kutumia jozi moja iliyosokotwa. Hapa zimeangukia jozi mbili tofauti. Mawimbi yanaingiliana, hoteli inalalamika intaneti inakatika, na fundi anabadilisha ruta bure. Mpangilio sahihi ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, na usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

Aliyesoma vizuri anajua sababu. Ila vidole vyake vikiwa havijawahi kushika koleo, ataharibu plagi kumi. Kwa hiyo ukienda field (mafunzo kwa vitendo kazini), usikubali kukaa wiki nane ukichapa barua. Omba ukabidhiwe chumba kimoja au ofisi moja: ichore, ifunge waya, ipime, andika kilichoharibika na ulivyokitengeneza. Kurasa hizo ziambatanishe na cheti unapoomba kazi.