Mchaichai kwenye udongo mweusi wa Kano

Mchaichai usiutafutie mbegu. Nenda kwa jirani mwenye shina lililokomaa, umwombe akuchimbulie vichipukizi vichache vyenye mizizi. Hata mabua ya sokoni Kibuye, hapa Kisumu, huota, mradi kitako hakijakatwa chote: yasimamishe kwenye glasi ya maji, ubadilishe maji mara kwa mara, na baada ya wiki mbili tatu mizizi myeupe itatokeza. Kabla ya kupanda punguza majani yabaki shibiri moja, kwa sababu mizizi michanga haiwezi kuyanywesha yote.

Sisi wa nyanda za Kano, toka Nyamasaria kuelekea Ahero, jua si shida. Mchaichai unapenda joto. Shida ni huu udongo mweusi. Mvua ikinyesha unakuwa uji, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mizizi ikikaa majini huoza. Kwa hiyo inua tuta la futi moja, uchanganye samadi iliyooza vizuri na makapi ya mpunga, ambayo huku hayakosekani. Fukia kitako tu. Toka shina hadi shina acha sentimita 60. Mama mkwe huniambia napoteza shamba, lakini ukikomaa unaijaza nafasi yote. Panda mvua za Machi au Aprili zikishika, usihangaike na ndoo. Walio Nakuru, kwenye baridi ya usiku, wautafutie ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na wasiwe na haraka.

Baada ya miezi minne hadi sita anza kukata. Vaa mikono mirefu, kingo za jani zinachana ngozi kama wembe. Shika fungu, kata kwa mundu, ubakishe sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Usiuonee huruma: usiokatwa hujaa majani makavu. Katikati ya shina pakianza kufa, kwa kawaida mwaka wa tatu au wa nne, ng'oa lote, ugawanye, upande upya vichipukizi vya pembeni.

Kuna wanaoupanda dirishani eti ufukuze mbu. Mafuta yake yamo ndani ya jani, hayatoki mpaka liumizwe. Neti isiondoke kitandani.

Kwa chai, chukua majani mawili matatu, yakunje uyafunge fundo, tia kwenye maji yanayochemka dakika tano, ndipo majani ya chai na maziwa yafuate. Ukiongeza tangawizi, iliki na mdalasini, mchaichai wenyewe hutausikia tena. Kwenye mchuzi wa ngege, yaani samaki aina ya tilapia, tumia ile sehemu nyeupe ya chini: vua maganda ya nje, iponde kwa mpini wa kisu, itumbukize pamoja na nyanya. Itoe kabla ya kupakua, nyuzi zake hazitafuniki.

Majani ya kuweka akiba yakatekate yakiwa mabichi, uyaanike kivulini penye upepo. Jani likivunjika ukilikunja, tia kwenye chupa kavu, funga.