Kabla ya masika: mambo ya kuweka sawa kwenye bustani ya nyumbani

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kwenda hadi Mei, kwa hiyo kazi ya bustani ni ya Februari, jua likiwa bado kali. Wengi huanza na majani kwa sababu ndiyo yanayoonekana na wageni. Anza na maji. Ukishajua yatapita wapi, utajua pia pa kupanda na pa kuacha.

Chimba shimo la futi moja pale uwanja unapoinama zaidi, lijaze maji, yakiisha jaza tena. Udongo wa kichanga utayanywa upesi. Yakilala humo hadi kesho yake, hapo pana mfinyanzi na mizizi itaoza, hivyo inua tuta au chimba mfereji. Zibua mifereji iliyopo pamoja na matundu ya chini ya ukuta wa uzio, kwani maji yakikosa njia hujikusanya na kuusukuma ukuta hadi uanguke. Na tafadhali, usiyaelekeze kwa jirani.

Mwembe ukishamaliza kuzaa, huu ndio wakati wa kuupogolea. Tawi zito usilianzie juu. Likate kwanza kwa chini, theluthi ya unene wake, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, kisha hamia juu, mbele kidogo ya mkato huo. Litaanguka bila kuchuna gome la shina. Malizia kigutu kilichobaki, lakini acha ule uvimbe ulio kwenye maungio, maana hapo ndipo kidonda hufungia. Matawi yaliyofika kwenye nyaya za umeme usiyaguse wewe wala kibarua wako. Toa taarifa TANESCO.

Halafu kuna mbu, na hapa naomba usiharakishe. Dar ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake huuma mchana na hutaga kwenye maji machache tu: sahani ya chungu cha maua, kifuu cha nazi, tairi kuukuu. Mayai yake hunata kwenye kuta za chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Kwa hiyo kumwaga hakutoshi. Sugua kwa brashi, kisha vifunike au vitupe.

Majani yenyewe hayana mambo mengi. Usiyanyoe hadi udongo uonekane; kila ukikata, usizidishe theluthi ya urefu wake. Noa kisu cha mashine, kwani kisu butu huchana ncha zikabaki kahawia. Tandaza samadi iliyooza vizuri, tabaka jembamba. Ile mbichi, hasa ya kuku, huunguza. Urea iache kabisa kwa sasa: ikitupwa juu ya ardhi kavu, sehemu yake hupotea hewani, na mvua kubwa ya kwanza husomba iliyobaki hadi mtaroni.

Ukoka wa kuziba mapengo nao usubiri. Andaa udongo tu, uulegeze kwa reki, na mvua zikishalowesha ardhi mara mbili tatu ndipo upande vipandikizi, kiganja kimoja kutoka kimoja hadi kingine, pingili zikifunikwa na udongo na ncha zikibaki nje.