Kununua Land Rover ya zamani ya jeshi ukiwa Pemba: inama chini kwanza

Kila nikiegesha gari yangu karibu na soko la Chake Chake, hawakosi vijana watatu wanne wa kuizunguka. Wote wanauliza injini. Hakuna hata mmoja anayeinama kutazama chini, na mimi nilikuwa vivyo hivyo mpaka pesa zangu za mwanzo zikazama. Naandika haya kwa mwenzangu anayependa historia ya vita, aliyekwisha kuyaona makaburi ya mabaharia wa HMS Pegasus, manowari ya Uingereza, kule kisiwa cha Chapwani, Unguja, na sasa anataka kitu anachoweza kukishika, kukisafisha na kukiendesha.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Kwa visiwani mimi nashauri Land Rover za Series, yaani zile za matoleo ya mwanzo. Zilianza kuuzwa 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza lakini alumini ilikuwapo, ndiyo maana bodi zake ni za aloi ya alumini. Series IIA zilitengenezwa 1961 hadi 1971, na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Ukichungulia ndani unazitofautisha mara moja: IIA geji zake ziko katikati ya dashibodi, III ziko mbele ya dereva. Fupi ni inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, ndefu ni 109.

Sababu yangu ya kuzipenda si urahisi tu. Jirani yangu, mzee aliyepigana vita vya Kagera, aliendesha gari ya aina hii mpaka Masaka mwaka 1979. Nilipomweka kwenye kiti cha dereva, mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye kirungu chekundu cha gia nzito kabla sijamwonyesha kilipo. Kitabu hakikupi jambo kama hilo.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya pesa

Omba kadi ya gari. Namba ya chasisi (fremu ya chini inayobeba gari) iliyoandikwa humo ilinganishe na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, pale springi inapofungwa. Isugue kwa brashi ya waya mpaka isomeke. Ikiwa pamekatwa, pamechomelewa upya au pamepigwa msasa, rudi nyumbani.

Ukiambiwa gari ilitoka jeshini, taka karatasi ya mnada au barua inayoonyesha imeondolewa kwa halali. Maneno ya "hii alinipa mkubwa mmoja" hayatoshi, hata kama aliyeyasema ni mtu unayemheshimu. Mkikubaliana, andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, na kwa huku kwetu mpelekeeni sheha auone na kuutia mhuri. Gari yenye namba ya T, ya Bara, ikija kukaa visiwani inahitaji usajili wa Z, wa Zanzibar, kwa hiyo nenda kaulize kodi zote kabla gari haijapakiwa melini.

Hatua ya 3: Lala chini ya gari

Hapa chukua nusu siku. Nenda na nyundo ndogo, bisibisi, tochi na kipande cha turubai cha kulalia.

Alumini haishiki kutu kama chuma, basi bodi inang'ara na kukudanganya. Chasisi ni chuma. Imeundwa kwa mabati manne yaliyochomelewa yakawa kama boksi refu, wazi ndani. Maji ya mvua, tope na chumvi huingia humo na kukaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Unapoiona nje, ndani kazi imekwisha siku nyingi.

Anza nyuma, kwenye lile boriti la mwisho linalopita kutoka upande hadi upande. Gonga kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia *ngi!* Kilichooza kinajibu *pu*, na ukichomeka bisibisi inazama. Endelea kwenye mikono inayotoka pembeni mwa chasisi kushika bodi, kisha pale springi zinapofungwa. Hapo pa springi usisamehe kabisa. Pakikatika njiani, ekseli inahama mahali pake na wewe hutaweza kuishika gari.

Gari yangu ya kwanza niliinunua Unguja. Chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito, mpya, inanuka lami. Nikafurahi nikisema mwenye gari ameitunza. Mwezi wa pili fundi wa kuchomelea alikwangua rangi ile, akatoa matambara na makopo ya maziwa yaliyobondwa bapa, ndiyo yaliyokuwa yameziba matundu. Nilikaa chini nikalia kwa kweli, maana zilikuwa akiba za miaka. Tangu siku hiyo, nikiona rangi mbichi chini ya gari kuukuu, naomba ruhusa ya kukwangua sehemu tatu. Mwenye gari akikataa, namshukuru na kuondoka.

Toka chini, ufungue milango. Ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria huoza kwenye sakafu ya miguu na kwenye nguzo za bawaba, kwa hiyo inua mipira ya sakafu. Halafu tazama kingo za milango. Ukiona unga mweupe umefuta rangi, hapo alumini na chuma vinagusana. Maji ya chumvi yakipita baina yao vinakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwetu hewa yenyewe ina chumvi, hasa kwa gari iliyolala karibu na pwani wakati wa kusi. Milango inabadilishwa, sikatai gari kwa sababu ya milango. Chasisi nayo inabadilishwa, kwani mpya zilizotiwa zinki bado zinatengenezwa Uingereza, ila hesabu gharama ya kuivua gari nzima mpaka nati ya mwisho.

Hatua ya 4: Injini na gia

Hapa sitakawia. Injini ya petroli ya ujazo wa cc 2,286 ni ya chuma, nzito, na fundi wa makamo anaielewa. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika iguse kama ni baridi kweli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, shuku gaskiti ya silinda hedi.

Usisahau magurudumu ya mbele. Bonyeza kirungu cha njano upate magurudumu manne, kisha jaribu chekundu kwa gia nzito. Fanya hivyo kwenye mlima wa udongo, na Pemba milima haitupi shida. Usifanye kwenye lami kavu: gari hizi hazina difu ya kati ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, hivyo yatavutana mpaka kitu kivunjike.

Hatua ya 5: Soma alama za jeshi

Magari mengi ya kiraia yamepakwa kijani yakaitwa ya jeshi. Alama za kweli ni vitu vidogo. Tafuta matundu ya vishikio vya sepetu na sururu, ndoana kubwa ya kuvutia nyuma, na swichi ya taa yenye hatua nyingi kuliko ya kawaida. Za jeshi la Uingereza nyingi zina taa ndogo chini nyuma inayomulika difu iliyopakwa nyeupe, ili dereva wa nyuma aifuate usiku bila taa kubwa. Zilizoundwa kubeba redio zina umeme wa volti 24, basi usimruhusu fundi kutia balbu ya volti 12.

Kisha chukua msasa laini, sugua mahali palipojificha, mfano chini ya kiti, kiasi cha shilingi moja. Rangi zitatoka pete kwa pete. Piga picha kwanza. Kila pete ni kipindi cha maisha ya gari ile, na fundi rangi akishaikwangua yote hakuna wa kuirudisha.

Hatua ya 6: Kuivusha

Ifungwe kwa mikanda kwenye chasisi, si kwenye springi, la sivyo itacheza bahari nzima. Omba iwekwe ndani, mbali na maji yanayoruka. Ikishuka Mkoani, tafuta maji yasiyo na chumvi siku ile ile uioshe chini, pamoja na ndani ya chasisi kupitia matundu yake.

Hatua ya 7: Rangi na banda

Usiipake mabaka wala kuibandika namba za jeshi. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi. Nguo si gari, lakini mimi sitaki hata mfano wa shaka barabarani. Yangu ina kijani kimoja kilichokoza, bila alama, na historia yake naieleza kwa mdomo.

Ijengee banda la makuti lililo wazi pande zote. Turubai la nailoni linaifanya gari itoke jasho usiku, na kutu hupenda jasho. Kila baada ya masika naipulizia chasisi nta ya kuzuia kutu kwa ndani.

Na nunua daftari. Andika namba, tarehe, kila nati uliyoibadilisha na rangi ulizozikuta kwa mpangilio wake. Wazee waliowahi kuendesha gari kama hizo wakija, andika wanachokisema kabla hawajaaga. Daftari langu liko chini ya kiti cha dereva, ndani ya mfuko wa nailoni, na penseli yake.