Kamera ya kazi: anzia kwenye kimlango cha kadi

Kabla hujaulizia megapikseli, fungua kile kimlango cha ubavuni uhesabu nafasi za kadi. Mwaka nilioanza kazi ya kupiga picha za harusi, kadi ilinifia katikati ya sendofu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kamera yangu ilikuwa ya kadi moja, haina ya pili ya kutunzia nakala. Picha zote za keki zikapotea. Nilirudisha hela, na mpaka leo nikimwona mama wa bibi harusi sokoni nabadili njia.

Ndiyo maana Nikon D7200 ya mwaka 2015, yenye nafasi mbili za kadi, pamoja na uzee wake, kwangu inaishinda D7500 ya 2017. Hiyo mpya ina video ya 4K na inafyatua picha nane kwa sekunde badala ya sita, lakini wameipunguza, imebaki na nafasi moja ya kadi. Canon 80D nayo ni ya kadi moja. Ila kama nusu ya kazi yako ni video, ichukue: fokasi yake haihangaiki na skrini inageuka. Megapikseli 24 zinatosha, yaishe.

Hela zote zisiishie kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi ya 18-55 wanayokuuzia pamoja nayo, ukiivuta hadi mwisho tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na kwenye ukumbi wenye taa za zambarau utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi nyuso zijae chenga. 50mm ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. D7200 ina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo hata ile 50mm ya zamani yenye herufi D, ya bei ndogo, isiyo na mota yake, inajifokasi yenyewe. Kwenye Nikon za jamii ya D3000 na D5000, zisizo na mota hiyo, lenzi hiyo utaizungusha kwa mkono, na maharusi hawasubiri.

Ukinunua ya mtumba, nenda na kadi yako. Weka tundu dogo la f/16, piga mbingu, kisha kuza picha kwenye skrini. Vidoa vyeusi ni vumbi la sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, linasafishika. Halafu vua lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe hata akipunguza bei. Lenzi iliyokaa Tukuyu ndani ya begi lenye unyevu naichungulia mara mbili. (Wajomba zangu wa huko wanisamehe.)

Nikon huandika idadi ya mifyatuo ndani ya faili la picha: piga JPEG moja, ifungue kwa programu inayosoma taarifa za picha. Shata ya D7200, yaani pazia linalofunguka kila unapofyatua, ilijaribiwa hadi mifyatuo 150,000. Ukikuta 140,000, bei ishuke sana au uage. Canon haikuandikii hivyo, basi tazama mpira wa kushikia na pale flashi inapochomekwa. Rangi ikiwa imechubuka hadi chuma kinang'aa, imekula harusi nyingi kuliko anavyokuambia.

Chenji ikibaki, nunua betri ya pili. Kwa baridi ya alfajiri ya Julai kule milimani Kitulo, betri iliyolala imejaa inaanza kushuka kabla jua halijatoka. Ya akiba mimi naiweka mfuko wa ndani wa koti, kifuani, na alama ya chaji ikibaki mstari mmoja nazibadilishana.